Mahali pa Mswaki wa Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Upepo wa jana umeng'oa mabati ya nyumba ya wifi. Si yote, ni ya upande wa chumba cha kulala tu, lakini mvua iliyofuata haikuchagua upande. Mwanangu amenipigia simu kutoka huko anakofanyia kazi, sauti laini kama ya mtu anayemsogelea mbuzi mkali, kuniambia kwamba shangazi yake hana pa kulala na kwamba mimi nina chumba kitupu. Nikamwambia chumba si kitupu, kina cherehani na marobota ya vitambaa vya sare za shule. Akasema cherehani haikoromi. Mdomo huo kaurithi kwa baba yake.

Nimekubali. Ningefanyaje? Ni dada wa marehemu mume wangu, na hana ndugu mwingine. Tangu tumzike kaka yake, mwaka wa pili huu, tumeonana mara chache, na kila mara tulivaa vizuri, tukasalimiana vizuri, tukaagana mapema.

Haya naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Zamani mambo ya kutwa nilikuwa na mtu wa kumwambia. Sasa naliambia daftari, nalo halinikatizi, ndiyo maana sijui pa kukomea.

5 Machi

Kaja na begi moja la zipu na mwavuli uliovunjika. Nikamkaribisha, nikamwambia vitu vyake vya kuogea aviache bafuni, ajisikie nyumbani.

Bafu langu lenyewe ni la kuingia kwa ubavu. Ukinyoosha mikono unashika kuta zote mbili. Mlango unafungukia ndani na kugonga pipa la maji. Rafu ni moja tu, juu ya sinki, nayo imejaa. Nilipoanza kumtolea nafasi ndipo nilipojiuliza, imejaa vitu vya nani? Ninaoga peke yangu mle. Vikopo vya mafuta vilivyokwisha, vitana vilivyong'oka meno, chupa za dawa ya kikohozi cha marehemu. Nikasukumasukuma, nikampa upana wa kiganja.

Akatazama, akashukuru, akaoga, akatoka na kila kilicho chake. Hata mswaki. Vyote vimerudi ndani ya begi, zipu ikafungwa.

6 Machi

Mvua kutwa. Mswaki uko begini.

8 Machi

Huyu mwanamke ana visa. Anaamka kabla hata ya ndege, anaoga, kisha anapiga deki bafu zima na kulikausha kwa kitambaa, hata huwezi kujua kama mtu kaingia. Alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini maisha yake yote, sawa, lakini mimi si wodi. Najiuliza kama ananisema kwamba bafu langu ni chafu. Kama ananisema, basi aseme kwa mdomo.

Leo tulikwenda kumwona fundi wa paa. Mtaani wanamwita Kesho, na baada ya kuongea naye nimejua kwa nini. Kasema mvua ikipungua tu, ataanza. Wifi akauliza itapungua lini. Kesho akaangalia juu kana kwamba mawingu yanafanya kazi kwake.

14 Machi

Nimepata wazo nikiwa nimekaa kwenye kigoda naosha miguu. Juu ya mlango pana nafasi nzima ambayo haina kazi. Nina ubao wa meza ya zamani ya kukatia nguo. Nimeukata, nimeupigilia juu ya fremu ya mlango, nikapandisha huko karatasi za chooni, sabuni za akiba, na vile visivyotakiwa kila siku. Dawa za marehemu nimezitupa. Nilidhani itaniuma zaidi ya ilivyoniuma.

Rafu ya sinki sasa imebaki nusu tupu. Nikampeleka wifi nikamwonyesha: upande huu ni wako, ule ni wangu, hatutagongana. Akasema nimefanya kazi nzuri. Akapapasa ubao kuangalia kama una vibanzi.

15 Machi

Upande wake mtupu.

17 Machi

Mtupu. Mteja kaleta sketi za kupunguza kiuno, kaondoka na maneno mengi.

21 Machi

Wazo jingine. Nimechukua vifuniko vya chupa za jemu, nikavipiga skrubu chini ya rafu, midomo ikitazama chini. Chupa unaizungushia pale pale, inaning'inia. Ukitaka kitu unaifungua kwa mkono mmoja. Nne nimezitundika: mbili zangu, mbili zake. Zake nikatia pamba na pini za nywele, nikidhani akikuta pameshaanzwa hataona aibu kuendeleza.

Wifi kaingia, kakaa sana, katoka na tabasamu. Akaniuliza hili ni bafu au duka la dawa. Tukacheka wote wawili, na kicheko cha watu wawili ndani ya nyumba hii nilikuwa nimekisahau mlio wake.

Jioni ngurumo zilipoanza, akanisimulia kwamba kaka yake utotoni aliogopa radi mpaka akawa anajificha uvunguni na beseni kichwani. Miaka yote ya ndoa yetu, ngurumo ikipiga mume wangu alikuwa anainuka kitandani kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Nilimsifu kwa watu, kwamba nina mwanamume mwangalifu. Kumbe mtu alikuwa anatafuta beseni. Nimecheka hadi nimelia, kisha ikabaki kulia tu. Wifi akanisogezea chai.

2 Aprili

Nimezoea. Ndilo tatizo. Alfajiri nasikia maji yakimwagika bafuni, nasikia kitambaa kikisugua sakafu, na mimi nalala tena vizuri kwa sababu kuna mtu. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa naamka saa hizo na kuanza kusikiliza friji.

Kesho kapita. Kasema anaona dalili za jua, huenda Jumamosi akaanza kupandisha mabati. Wifi kamshukuru. Mimi nilikwenda jikoni nikaomba mvua iendelee kunyesha. Mungu anisamehe, nyumba ya mwenzangu iko wazi na mimi naomba mvua.

Niliandike waziwazi, humu hakuna wa kunicheka: nataka abaki. Si hadi paa litengenezwe. Abaki. Lakini ana nyumba yake, kubwa kuliko yangu, na mtu huwezi kumwambia mwenye nyumba yake aiache aje kuoga kwa ubavu. Akikataa, nitamtazamaje usoni? Kwa hiyo nampigia misumari.

Ijumaa, 5 Aprili

Wifi alikwenda kuangalia nyumba yake. Nikabaki na wazo lililonisumbua wiki nzima.

Nyuma ya mlango wa bafu hapana kitu. Ukitundika pale kitambaa kigumu chenye mifuko, kila kidude kinapata kitanda chake: mswaki, kitana, wembe, mkasi wa kucha, jiwe la kusugulia miguu. Mifuko inataka kazi, tena inataka kitambaa kisichooza kwa unyevu. Na mimi ninacho. Marehemu alikuwa msoma mita. Mashati yake ya kazi ni ya kaki nzito, na kila shati lina mifuko miwili mikubwa kifuani, yenye vifuniko na vifungo, kwa ajili ya tochi na kalamu. Yamekaa kwenye sanduku tangu alipoondoka. Mifuko imeshonwa tayari, imara, mizuri. Mshonaji gani angeiacha?

Nikayakata matano. Kitambaa kwangu ni kitambaa, nimekata shela za harusi na nimekata sanda. Nikapanga mifuko safu mbili, kushoto yangu, kulia ya wifi, na katikati nikapiga mshono wa uzi mwekundu kutoka juu hadi chini ili hata gizani mtu asikosee upande. Ni pale nilipopitisha pasi ndipo harufu ya mume wangu ilipotoka kwenye kitambaa. Ile ya jasho la jua na sabuni ya kufulia. Nikakaa sakafuni karibu na meza. Nimelia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Kisha nikainuka nikamalizia, maana kilichokatwa kimekatwa.

Nimekitundika. Kizuri. Kinapendeza kupita kiasi.

6 Aprili

Alirudi jana jioni kalowa, akalala mapema. Leo alfajiri kaingia bafuni na sikusikia maji. Nikangoja. Hakuna maji. Nikaanza kuvaa niende nikabishe, ndipo alipotoka, uso mkavu, taulo begani.

"Yale ni mashati ya kaka," akasema.

Nikaanza kujieleza, eti kaki haiozi, eti yalikuwa yanaliwa na nondo sandukuni. Maneno yalikuwa yananitoka mbio kama ya mwizi. Nilikuwa tayari kwa yote. Anigombeze, anitukane, aseme nimemkata kaka yake vipande. Majibu nilikuwa nayo.

"Umeyakata lini?"

"Jana, ulipokwenda kwako."

Akakunja taulo, akalikunja tena. "Ungenisubiri, wifi, nikushikie upande wa pili."

Hilo jibu lake sikuwa nalo. Akaenda chumbani. Kutwa nzima hakuoga.

7 Aprili

Anasalimia. Anajibu. Chakula anakula nusu.

9 Aprili

Mvua. Kesho kapita kusema kesho.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimejikaza. Yalibaki mashati mawili sandukuni. Nikayatoa, nikayatandaza mezani, nikamwita. Sikusema kitu kingine zaidi ya jina lake la heshima, wifi. Akaja akasimama upande wa pili wa meza, akashika mkono wa shati na kuuvuta ukanyooka. Nikaingiza mkasi.

Tulikata taratibu, tulichoweza kufanya kwa dakika chache kikatuchukua asubuhi nzima. Kila kipande na habari yake. Hapa palipochanika aliparamia ua wa watu akikimbia mbwa. Hili doa ni la wino wa siku mwanangu alipozaliwa, alisahau kufunga kalamu. Wifi akanieleza mambo ya miaka ambayo mimi nilikuwa bado simjui. Nilipomaliza mfuko wa mwisho, akaniambia kwamba siku ya mazishi alikuwa anangoja niende nikakae karibu naye. Nikamwambia hata mimi nilikuwa namngoja yeye.

Leo namwandika vingine kabisa na nilivyomwandika Machi. Si mtu wa visa. Ni mtu anayeogopa kuwa mzigo.

18 Aprili

Sasa hasira imekwisha, tunakula pamoja, tunacheka, na mifuko yake ya nyuma ya mlango bado imelala bapa. Mswaki uko begini. Nini tena?

25 Aprili

Labda hapendi mifuko. Nimetundika kikapu cha ukili darini kwa kamba na roda ndogo, unakishusha na kukipandisha. Chake peke yake. Nimekaza fimbo ya pazia juu ya pipa kwa ajili ya taulo lake, mbali na langu. Nimebandika ukanda wa sumaku ukutani, mkasi wake unanata hapo. Mgongo unaniuma. Wifi kasimama mlangoni akanitazama nikishuka kwenye kigoda, akasema nitachoka bure. Sauti yake haikuwa ya utani.

3 Mei

Manyunyu tu. Kesho kaanza kazi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake kafika siku aliyosema.

8 Mei

Paa limekamilika. Mwanangu kapiga simu kunipongeza, eti sasa nitapata nafasi yangu. Nimemjibu ndiyo, asante mwanangu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemsindikiza kwake. Sikuwahi kuingia ndani zaidi ya sebule katika miaka yote hiyo. Vyumba vitatu, vyote vimefagiliwa, mabati mapya yananukia kiwanda. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya kuvua viatu, alifungua zipu ya begi, akatoa mswaki, akaenda nao bafuni. Nikamfuata. Nakiri nilifuata kwa wivu. Nilitaka kuona hicho kilichonishinda kwa miezi yote hii.

Bafu lake ni kubwa, watu watatu wangeoga bila kugusana. Vigae vyeupe kutoka chini hadi juu. Na hamna kitu. Hamna rafu, hamna kulabu, hamna msumari hata wa kuanzia. Sabuni iko sakafuni juu ya karatasi yake. Taulo analitundika juu ya bomba. Mswaki kausimamisha kwenye kikombe kilichovunjika mkono, dirishani. Nilisimama pale nikasikia baridi ya mwaka mzima wangu, wa friji na alfajiri, kwenye bafu la mtu mwingine.

"Wifi, huna hata msumari."

"Wa nini?" akasema. "Nitenganishe vyangu na vya nani?"

Yeye akawa anaosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu, kanipa mgongo.

"Na mimi nikuulize," akasema. "Kule kwako nilikukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea kitu.

"Siku ya kwanza ulinipimia upana wa kiganja, na tangu hapo kila ukiamka unanitafutia mahali pengine. Rafu ukaigawa, upande wangu na upande wako. Mifuko ukaipiga uzi mwekundu. Taulo langu huku, lako kule. Kikapu changu darini. Nikajua huyu hataki vitu vyangu viguse vyake, ila ana adabu, hawezi kusema. Basi nikawa natoka navyo, nisikuudhi."

Jamani. Nilitafuta pa kukaa, bafu la watu halina hata kigoda. Nikakaa juu ya karai lake lililopinduliwa.

"Nilikuwa nakuomba ubaki," nikasema.

Akageuka. "Kwa kikapu?"

"Kwa kikapu."

"Na mdomo ulikuwa na kazi gani?"

"Mdomo uliogopa jibu."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Alikausha mikono muda mrefu, akasema amepata paa jipya, acha kwanza alale chini yake aone kama linavuja. Halikuwa ndiyo, halikuwa hapana. Nikaaga. Nimerudi kwa miguu ili nisifike mapema.

12 Mei

Alfajiri hakuna maji.

Nimeingia bafuni kwangu nikaangalia kazi ya mikono yangu. Ubao juu ya mlango, chupa, mifuko, kikapu, fimbo, sumaku. Pangetosha watu wanane, naoga mimi. Nimekishusha kikapu. Nimefumua uzi mwekundu wote kwa wembe, mchana mzima, mifuko sasa haina upande. Nimeona haya jinsi nilivyokuwa najisifu humu ndani kwa mawazo yangu, na kumbe kila wazo lilikuwa linamsukuma hatua moja kuelekea mlangoni.

14 Mei

Jua kali. Simu haijalia.

15 Mei

Sare za darasa la kwanza, jozi nyingi, vifungo vidogo. Nimeongea na cherehani.

16 Mei

Nilitaka kumpigia. Nimeshika simu hadi ikapata moto. Nimesema yangu tayari, sasa ni zamu yake, na kungoja zamu ya mtu ni kazi nzito kuliko kusema.

Ijumaa, 17 Mei

Kaja jioni na begi lile lile. Nilifungua mlango kwa mkono wenye chaki ya kukatia nguo, nikamchafua bega.

Akasema paa halivuji. Nikamwambia tushukuru. Akasema usingizi ndio hapati, nyumba ina mwangwi. Nikamwambia chakula kiko mezani. Tumekula, tumezungumza habari za Kesho, ambaye sasa anataka kazi ya choo cha shule. Sikumuuliza anakaa siku ngapi. Nilimeza swali hilo na kila tonge. Kaenda kulala chumba cha cherehani, begi kalibeba.

Jumamosi, 18 Mei

Sikusikia kitu alfajiri. Nililala fofofo hadi jua likaingia kwenye pazia, jambo ambalo sikumbuki lilinitokea lini mara ya mwisho. Nikaamka roho juu, nikijua kabisa kwamba kaondoka bila kuniaga. Nikaenda moja kwa moja bafuni, sijui kwa nini kule badala ya chumbani kwake. Nikasukuma mlango, ukagonga pipa. Mswaki wa wifi ulikuwa rafuni, kando ya wangu.

Sabuni yangu ilikuwa imelowa, na mimi nilikuwa bado sijaoga.